Jiji moja, reli tatu, na denti wa Gongo la Mboto

Nimeadimika kidogo, si kwamba nimewasusa, ni semina na makaratasi ya kusoma yametuandama tangu muhula uanze. Leo ninalo la kusimulia. Limeanzia kwenye semina ya historia ya uchumi kule Yombo, tulipokuwa tunajadili reli. Jamaa mmoja akasimama, akaufunga mjadala kwa pigo moja: eti treni haimsaidii mtu wa Dar kwa sababu mkoloni aliijenga reli ili aipore nchi, basi, tuhamie mada nyingine. Darasa likampigia makofi. Mimi nikabaki nimenuna kiti cha nyuma. Nimekulia Gongo la Mboto, sehemu ambayo honi ya treni unaisikia ukiwa umelala, halafu asubuhi unaamka saa kumi na moja kwenda kugombania daladala. Kwa hiyo hili jambo kwangu halifungiki kirahisi namna hiyo.

Hoja ya yule jamaa ni ya Walter Rodney, aliyefundisha hapa hapa Mlimani miaka ya 60 na 70. Kitabu chake cha mwaka 1972 kilionyesha wazi kwamba barabara na reli za kikoloni zilichorwa kutoa mali bara na kuishusha bandarini, si kumsaidia mwananchi kutembeleana na ndugu zake. Hilo halina ubishi. Ila Dar es Salaam leo ina reli tatu, na mkoloni alijenga moja tu. Hizo mbili nyingine tumejenga wenyewe, tukiwa huru, tena kwa fahari. Mbona nazo zimempita mtu wa Gongo la Mboto bila kumpungia hata mkono?

Tuanze na ya kwanza. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mji wenyewe ulikuwa bado mtoto, maana Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860 tu. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, mwaka ule ule Maji Maji ilipolipuka kusini. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza. Ukiitazama ramani yake utaona ilikuwa na haraka ya kuondoka mjini. Inatoka bandarini, inapita Gerezani, inakata bonde la Msimbazi, inapanda Pugu, ikaenda zake. Wakati ule huko Buguruni na Vingunguti kulikuwa na mashamba na minazi. Huwezi kumlaumu mhandisi wa mwaka 1905 kwamba hakuweka stesheni Tabata. Tabata ya kuwekewa stesheni haikuwepo.

Kosa, kama ni kosa, lilikuja baadaye, mji ulipokua. Waingereza waliuacha ukue kufuata barabara: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Usafiri wa mjini wakaiachia kampuni binafsi ya mabasi, DMT. Baada ya uhuru serikali ikaitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaigawa mara mbili: mabasi ya mjini yakawa UDA, ya mikoani yakawa KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Kumbukeni hilo jina, tutakutana nalo mbele. Kwa hiyo hapo katikati pote, awe Mwingereza au sisi, mtu wa mjini alihesabiwa kuwa abiria wa basi. Reli ilikuwa na wenyewe. Kuanzia 1948 iliendeshwa na shirika moja la Afrika Mashariki lililojumuisha na bandari, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikazaliwa TRC. Hakuna mahali popote katika historia hiyo ambapo ofisi ya reli na ofisi ya usafiri wa mjini zilikuwa na bosi mmoja. Naona hili ndilo linalotafuna mpaka leo kuliko hata uchakavu wa mabehewa.

UDA ilianza vizuri. Wazee wanazikumbuka Ikarusi ndefu za kutoka Hungary, zile zilizoitwa kumbakumba, zenye kiungo katikati kama konokono aliyetoka nje ya gamba. Halafu ikaja hali ngumu, vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna. Watu wakaanza kupanda magari ya mitaani yasiyo na leseni, na mwaka 1983 serikali ikasalimu amri, ikaruhusu watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi 5, ambayo kimtaani iliitwa dala. Mnajua wenyewe kilichofuata.

Sasa reli ya pili, TAZARA. Hii huwa inatusisimua sana wanahistoria, na inastahili. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa kikaburu, Zambia ikabaki na shaba isiyo na njia salama ya kufika baharini. Mwalimu na Kaunda wakazunguka kuomba msaada, nchi za Magharibi zikasema reli hiyo hailipi. China ikakubali, ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ukaanza mwaka 1970, reli ikafika mwisho 1975, ikakabidhiwa Julai 1976, kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Sidhani kama kuna kitu kingine kikubwa kiasi hicho ambacho nchi mbili maskini zimewahi kukifanya kwa ajili ya ukombozi wa bara hili. Nalisema hilo kwa moyo mmoja.

Lakini tazameni ilivyoingia Dar. Stesheni yake kuu, lile jumba kubwa, iko pale makutano ya barabara ya Pugu (sasa Nyerere) na Mandela, kilometa kadhaa kutoka katikati ya mji. Kwa abiria wa Mbeya mwenye masanduku hilo si tatizo, anapokewa na taksi. Na upana wa reli ni milimita 1,067, kwa sababu ilitakiwa iungane na reli za Zambia na za kusini zenye upana huo. Reli ya kati ya Mjerumani ni milimita 1,000. Tofauti ni sentimeta 6.7, fupi kuliko kidole chenu cha shahada, pimeni. Kwa sentimeta hizo 6.7, treni ya TAZARA haiwezi kukanyaga reli ya kati, wala ya kati haiwezi kukanyaga ya TAZARA. Reli mbili zinatoka bandari moja, zinaelekea Pugu zote, zinapita karibu karibu kama majirani walionuniana, na behewa halivuki kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Shaba ya Zambia ilizingatiwa. Mama muuza maandazi wa Kipunguni hakuzingatiwa, na hapa si mkoloni aliyechora.

Hali ikawa hivyo kwa miaka mingi. Mji ukawafuata wenyewe wale waliopuuzwa, yaani watu wakajenga kando ya reli zote mbili mpaka reli ikajikuta uani kwa watu. TRC ikadhoofika, mwaka 2007 ikakodishwa kwa kampuni ya RITES ya India iliyochukua asilimia 51, jina likawa TRL, mambo yakazidi kwenda kombo, na kufikia 2011 serikali ikawa imeirudisha mikononi mwake. Sensa ya 2012 ikakuta Dar ina watu zaidi ya milioni 4.3. Foleni ya Ubungo ilikuwa inaimbwa mpaka na wachekeshaji.

Ndipo tarehe 29 Oktoba 2012 treni ya mjini ikaanza. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa na miezi michache tu kwenye wizara hiyo, na watu wakaibatiza hapo hapo: treni ya Mwakyembe. Upande wa TRL ilitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, nauli shilingi 400, mwanafunzi 100. Upande wa TAZARA ilitoka stesheni yao kwenda Mwakanga, nauli 500. Mabehewa yalikuwa yale yale ya zamani, yamekarabatiwa na kupakwa rangi. Hakuna reli mpya iliyotandikwa.

Hebu nisimame hapo kwenye hiyo njia ya Ubungo, maana ndipo historia inaponichekesha. Reli ya kati yenyewe haiendi Ubungo. Kilichokuwepo ni tawi la kuhudumia viwanda, kuchukua mizigo na kuirudisha bandarini. Ubungo Maziwa inaitwa hivyo kwa sababu ya kiwanda cha maziwa. Kituo cha Kamata kinaitwa hivyo kwa sababu ya ile Kampuni ya Mabasi ya Taifa ambayo imeshakufa siku nyingi. Kuna kituo kinaitwa Bakhresa, kwa sababu ya kinu cha unga. Tabata Relini ndiyo karibu pekee yenye jina linaloikiri reli, na jina hilo lilitungwa na wakazi, si na shirika. Yaani abiria wa 2012 alisafiri kwenye njia ya mizigo ya viwanda vya enzi za Mwalimu, akitaja kampuni ya basi ili ashuke kwenye treni. Wenzangu wa Mabibo Hostel mnaoipita reli hiyo mkienda kununua chipsi, ndiyo hiyo ninayoisema.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Kwetu ilikuwa treni ya TAZARA. Wasiokulia upande wa Ukonga hawawezi kuelewa ilikuwa na maana gani kwa denti. Daladala lilipofika, konda alikuwa anahesabu: wanafunzi wawili, basi, wengine shukeni, kwa sababu denti analipa nauli ndogo na anachukua nafasi ile ile. Wakubwa walikuwa wanapanda gari linaloelekea mwisho wa njia ili wageuze nalo wapate kiti, sisi hata kugeuza nalo tulikuwa tunafukuzwa. Dada yangu alikuwa sekondari mjini, akiondoka nyumbani giza na kufika shuleni namba zimeshaitwa, viboko viko palepale. Treni ilipoanza, nyomi ilikuwa ile ile, jasho lile lile, ila hakukuwa na mtu mlangoni wa kukuambia wewe denti subiri. Ulilipa, ukapanda. Kwa mara ya kwanza chombo cha usafiri hakikupoteza kitu kwa kukupakia. Ukitaka kuipima faida ya treni ile, msiishie kwenye foleni iliyopungua au haikupungua. Ulizeni waliokuwa wamevaa sare.

Na hapo hapo ndipo matatizo ya zamani yalipojionyesha, yote kwa pamoja. Dada alishuka stesheni ya TAZARA, halafu akaanza upya kutafuta daladala la kumfikisha mjini, kwa sababu treni yetu haikuweza kuendelea mpaka Stesheni. Zile sentimeta 6.7! Aliyetoka Ubungo kwa treni ya TRL alifika mpaka katikati. Aliyetoka Gongo la Mboto kwa treni ya TAZARA aliachwa njiani, akalipa nauli mara mbili. Na reli zote ni njia moja, treni zinapishana kwenye stesheni zenye reli ya pembeni tu. Ukichelewa wewe, anachelewa na anayekusubiri. Ndiyo maana huduma ilikuwa asubuhi na jioni, mchana njia ikaachiwa mizigo na treni za bara. Fundi wa saluni anayeingia kazini saa nne hakuwa na treni. Mgonjwa aliyeruhusiwa Muhimbili saa saba mchana hakuwa na treni. Mtu hawezi kuuza gari lake, wala hata kuacha kumtegemea konda, kwa ajili ya chombo kinachompeleka asubuhi na kumsahau mpaka jioni.

Mwaka 2016 TRL ikaongeza treni ya kwenda Pugu kupitia Gongo la Mboto, kwa reli ya kati. Hiyo ilifika Stesheni moja kwa moja. Nyumbani tulisherehekea kana kwamba tumewekewa bomba la maji. Jiulizeni lakini: reli ile ilikuwa pale tangu mwaka 1907. Imechukua zaidi ya miaka 100 kwa mtu kuamua kwamba treni inaweza kusimama hapo asubuhi, ikabeba watu wanaokwenda kazini.

Nitoke kidogo nje ya Dar, kwa sababu majirani zetu walikuwa wanajibu swali hilo hilo wakati ule ule. Tarehe 13 Novemba 2012, wiki mbili tu baada ya treni ya Mwakyembe, Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau nje ya Nairobi. Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli, ilianza kama kambi ya reli ya Uganda mwaka 1899, na treni za kuwapeleka watu kazini ilikuwa nazo tangu miaka ya 80. Wao Syokimau walijenga kitu kipya: kipande cha reli, jukwaa, maegesho ya magari. Sisi tulichukua vya zamani tukavipanga upya. Marafiki zangu wa Kenya hunicheka kwa hilo, nami huwajibu kwamba stesheni yao ilimlenga mwenye gari la kuegesha. SGR yao ilipoanza mwaka 2017, ikaishia huko huko Syokimau, na abiria akawekewa treni ndogo ya kumuunganisha na mji kwenye reli ya zamani. Wengi walilalamika, na ni kweli inachosha. Lakini angalia ilichofanya: reli mbili za upana tofauti zililazimika kupangiana ratiba. Mwaka 2020 wakaleta treni za mitumba kutoka Hispania zinazojiendesha bila kuvutwa na kichwa, mahsusi kwa safari za mjini. Hatua ndogo ndogo, ila zinafuatana.

Sasa reli yetu ya tatu. Ujenzi wa SGR ulizinduliwa mwaka 2017, abiria wa kwanza wa Dar kwenda Morogoro wakapanda Juni 2024, na Agosti 2024 ikazinduliwa rasmi mpaka Dodoma. Umeme, kilometa 160 kwa saa, stesheni yenye umbo la tanzanite, na haikuishia nje ya mji kama ya jirani, inaingia mpaka katikati kwa kupita juu ya daraja refu. Nimeipanda, ni raha tupu. Upana wake milimita 1,435, kwa hiyo ni upana wa tatu ndani ya jiji moja. Na kwa mara nyingine imechorwa kwa ajili ya mbali: Mwanza, Kigoma, mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Stesheni ya kwanza ukitoka Dar ni Pugu. Kati ya Dar na Pugu, Mchongoko unapita Buguruni na Vingunguti bila kusimama, na hautakiwi kusimama, maana treni ya namna hiyo ikisimama kila kilometa mbili haina maana tena.

Yule jamaa wa semina angesema mnaona, ni mkoloni tena. Mimi naona tofauti. Mara tatu tumekuwa na sababu kubwa na nzuri ya kujenga reli, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa yetu wenyewe. Kumsafirisha mtu kilometa 15 kwenda kazini hakujawahi kuwa mojawapo ya sababu hizo. Mwaka 2012 pekee ndio ulioanza na mtu huyo, na ulianza bila pesa nyingi, kwa mabehewa ya kale na tawi la kiwanda cha maziwa. Hilo ndilo linanipa matumaini, kwa kweli, kwa sababu linaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi haikuwa ya kujenga. Ilikuwa ya kuamua.

Na kuna uamuzi mwingine sasa umefika mezani, wala si wa darasani. Safari za mbali za abiria zikishahamia SGR, na mizigo nayo ikifuata, reli ya Mjerumani kati ya Stesheni na Pugu itabaki na nafasi ambayo haijawahi kuwa nayo. Ile mchana tuliyokuwa tunaambiwa imejaa mizigo inaweza ikawa wazi. Ongezeni sehemu za kupishana mbili tatu, wekeni vizuizi vya kueleweka pale reli inapokata barabara, na treni inaweza kupita kila nusu saa kuanzia alfajiri mpaka usiku. Wakati huo huo awamu ya tatu ya mwendokasi imechorwa kupita barabara ya Nyerere mpaka Gongo la Mboto, sambamba kabisa na reli. Nakubali mabasi hayo, nitayapanda. Ila nitashangaa sana kama tiketi ya basi haitakubalika kwenye treni na ya treni kwenye basi, na kama kituo cha basi kitawekwa mahali ambapo mtu wa treni atahitaji bodaboda kukifikia. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 5.3 Dar. Tutaendelea kujaa tu.

Nilimwambia mwalimu wa semina kwamba nataka kuandika tasnifu yangu juu ya hili, akaniuliza nyaraka ziko wapi. Swali zuri, maana ofisi za reli zinahifadhi kumbukumbu za tani na vichwa vya treni, sijui nani alihifadhi za madenti. Nimeanza kuwauliza wapangaji wenzangu na watu wa nyumbani walipanda kituo gani na walishuka wapi mwaka 2012. Kama ulipanda, iwe ya Ubungo au ya Mwakanga, nikumbushe tukikutana kafeteria.

Jana nilijaribu njia moja kwa ajili ya utafiti tu. Nilitoka lile jumba la TAZARA kwenda stesheni ya SGR, reli kwa reli, jiji moja. Nilivuka chini ya daraja la Mfugale, nikapanda daladala, nikasimama mpaka Kariakoo, kisha nikamalizia kwa miguu.